Kabla ya kufunga tepu kwenye roboti, uliza inavutwa wapi

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja tuingie uwanjani kwa robo fainali ya mashindano ya roboti ya wanafunzi, na mkono wa roboti yetu ulikuwa unaning'inia. Bamba la alumini linaloshika shafti ya mkono lilikuwa limepasuka. Ufa ulianzia ukingoni, ukapita kwenye tundu la bolti, ukaingia kama sentimita mbili ndani ya bamba. Wanafunzi wanne wamepiga magoti kuizunguka roboti. Mmoja ameshika tepu, mwingine kebo tai, wa tatu ameshafungua gundi. Wa nne alikuwa na tochi.

"Mkono ukinyanyua mzigo, hili bamba linavutwa kwenda wapi?" niliwauliza.

Kimya. Kisha yule wa tochi akaushika mkono wa roboti kwenye ncha, akaukandamiza chini taratibu huku jicho lake halibanduki kwenye ufa. Ufa ukafunguka kama mdomo. Alipoachia, ukafumba. "Unatanuka huku ukingoni, mwalimu," akasema.

Basi. Tepu ikarudi sandukuni na gundi ikafunikwa, kwa sababu hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ingezuia mdomo ule kufunguka tena. Tulitoboa tundu dogo la milimita 3 mwishoni kabisa mwa ufa, pale ncha yake ilipoishia ndani ya bamba. Ncha ya ufa ni kali kama wembe, nguvu yote hujikusanya hapo, na kila mtikisiko huisukuma mbele kidogo. Ukiifanya kuwa duara, nguvu inasambaa na ufa unakosa pa kwenda. Kisha tukalaza kipande cha chuma kukatisha ufa, bolti mbili upande huu, mbili upande ule, zote kwa nati za kujikaza, zile zenye pete ya plastiki ndani. Dakika nane. Mkono ule ulicheza mechi tatu baada ya hapo.

Nimekaa na roboti za wanafunzi miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi mwenyewe, sasa nikiwa mlezi wa timu. Kama kuna jambo moja ningependa kila mwanafunzi alibebe kwenda mashindanoni, ni swali hilo: inavutwa wapi? Vijana wengi hufikia kile kilicho karibu na mkono. Kama tepu ndiyo iko juu ya meza, basi dawa ni tepu. Halafu kiraka hicho kinaachia uwanjani, na wanasema viraka havifai. Viraka vinafaa sana. Kiraka kilichowekwa bila kuuliza ndicho kisichofaa, hiyo ndiyo kazi ya kulipua.

Na wala msione haya kuunga-unga. Mashindano haya yenyewe yamezaliwa humo. Katika miaka ya 1970, kwenye chuo cha MIT huko Marekani, Profesa Woodie Flowers alikuwa akifundisha somo la ubunifu lililojulikana kwa namba 2.70. Wanafunzi walipewa mfuko wa vifaa mchanganyiko, kila mmoja mfuko uleule, wakatakiwa kuunda mashine ya kushindana na za wenzao. Flowers huyohuyo alishirikiana baadaye na mvumbuzi Dean Kamen, mwanzilishi wa shirika la FIRST linaloandaa mashindano ya roboti ya wanafunzi, na mwaka 1992 timu 28 zikakutana kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja jimboni New Hampshire kwa mashindano yao ya kwanza. Kutumia ulichonacho vizuri ni sehemu ya mchezo tangu siku ya kwanza.

Tuanze na tepu, kwa kuwa ndiyo hutumiwa vibaya kuliko vyote. Tepu nene ya kitambaa, ile ya rangi ya fedha, ina nyuzi ndani yake, ndiyo maana ukiivuta kwa urefu inakaza kweli. Gundi yake nayo inang'ang'ania ukijaribu kuitelezesha juu ya bamba. Lakini inyanyue kwenye kona moja tu, utaibandua yote kwa vidole viwili. Kwa hiyo tepu uliyoibandika bapa juu ya kitu kinachotikisika itaanza kuachia kwenye kona, na kona ikishaachia, safari imekwisha. Izungushe. Ipite pande zote, irudi ijilalie yenyewe mara mbili au tatu, na ukate kona zake ziwe mviringo. Kabla ya hapo pangusa mahali pale kwa spiriti. Mnyororo wa roboti hurusha mafuta kila mahali, na tepu juu ya mafuta haishiki chochote. Usiiweke karibu na mota, maana mota ikipata moto gundi inalainika na tepu inahama polepole bila ninyi kuona.

Kebo tai, vile vikamba vya plastiki vyenye meno, navipenda kuliko kitu chochote sandukuni. Ila kebo tai inajua kuvuta tu, haijui kusukuma. Ukitaka izuie kitu kisisogee mbele na kisirudi nyuma, unahitaji mbili, kila moja ikivuta upande wake. Adui yake mkubwa ni ukingo mkali: bamba lililokatwa kwa msumeno bila kupigwa tupa litaikata ndani ya mechi moja, kwa hiyo funika ukingo kwa tabaka mbili za tepu ndipo uifunge. Na mkia wake ukate sawasawa na kichwa. Mkia uliokatwa mshazari ni kisu, na mikono ya wenzako itapita hapo mara mia.

Kuna sehemu moja ambayo kebo tai imeshinda usanifu wetu wenyewe. Tulikuwa na sensa ya mbele iliyofungwa kwa bolti kwenye kishikio kigumu. Kila tukigongwa, kishikio kilipinda au sensa ilivunjika. Siku moja bolti zikapotea, tukaifunga kwa kebo tai nne ili tumalize mechi. Tukagongwa. Kebo tai mbili zikakatika, sensa ikaning'inia salama, tukaweka mbili nyingine. Tangu siku hiyo sensa zote za mbele tunazifunga hivyo makusudi. Ni heri kikatike kitu cha bei ndogo unachokibadilisha kwa nusu dakika.

Bomba la alumini la mraba likipinda, msilinyooshe tu na kuondoka. Limeshachoka pale lilipopinda na litapinda tena palepale, kwa wepesi zaidi. Linyoosheni kwenye jiriwa, kisha ingizeni ndani kipande cha mbao ngumu kilichochongwa kibane vizuri, kirefu kiasi cha kupita pande zote mbili za mkunjo, mkipige skrubu. Mbao ndani ya bomba haikubali kubonyea, na kuta za bomba haziwezi tena kuingia ndani. Nimeona timu zikiidharau mbao kwa sababu haifanani na roboti. Ijaribuni kabla ya kuidharau.

Hadi hapa nimesema uliza, chagua, funga. Kwenye umeme nasema kitu kingine kabisa: hakuna kiraka.

Nilipokuwa mwanafunzi roboti yetu ilikuwa inazimika kila ikigongwa kwa nguvu. Inasimama, inakaa kimya, kisha inawaka upya mechi ikiwa karibu kwisha. Tulishuku programu, tukaipitia mstari kwa mstari usiku kucha. Tukashuku mawasiliano. Tulipoteza mechi mbili. Kumbe bolti inayobana waya kwenye kichwa cha betri ilikuwa imelegea, na mimi ndiye niliyeigundua imelegea siku moja kabla, nikaizungushia tepu ya umeme badala ya kwenda kutafuta spana. Tepu ilishika waya usidondoke. Haikuukaza ugusane na betri inavyotakiwa. Kila kishindo kilipokuja, muunganiko uliachia kwa kufumba na kufumbua, volti zikaporomoka, kompyuta ya roboti ikazimika. Wenzangu walikesha kwa ajili ya kazi ya sekunde kumi ambayo sikuifanya. Hilo bado linaniuma.

Betri za volti 12 zinazotumika kwenye roboti kubwa za mashindano zinaweza kutoa mamia ya ampea kwa mpigo. Kwenye roboti za FIRST za kundi la roboti kubwa (FIRST Robotics Competition), swichi kuu ya kinga ni ya ampea 120. Muunganiko uliolegea kwenye njia ya mkondo mkubwa kiasi hicho hupata moto, na unaweza kuyeyusha plastiki inayouzunguka. Kwa hiyo kwa waya: kata, menya upya, bana kiunganishi kipya kwa koleo lake, halafu uvute kwa mkono kuhakikisha. Kama hamna muda wa kufanya hivyo, chezeni bila mota inayotegemea waya huo. Nasema hivi nikijua maana yake ni kushindwa mechi. Fyuzi nayo ikikatika mara mbili, msitafute njia ya kuiruka. Inawaeleza jambo, na mara nyingi jambo lenyewe ni la kimakanika: gia imebanwa, shafti imepinda, mnyororo umekazwa kupita kiasi, na mota ni kama inasukuma ukuta. Ondoeni mnyororo, zungusheni kila kitu kwa mkono, mtaikuta.

Na mnapotoboa bamba likiwa bado kwenye roboti, tandikeni kitambaa juu ya vifaa vyote vya umeme kwanza. Siku ya ule mkono tulifanya hivyo, mmoja alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono miwili wakati mwenzake anatoboa. Chembe moja ya alumini ikitua kati ya pini mbili za kidhibiti inatosha kukiunguza, na haitajitokeza hadi roboti ianze kutikisika uwanjani.

Sasa jambo ambalo limetugharimu kuliko kupasuka kokote: kusahau. Ijumaa mmefunga kikaza mnyororo kwa kebo tai, mmecheza vizuri, mmefurahi, mmelala. Jumamosi asubuhi hakuna anayekumbuka. Kebo tai inaendelea kunyumbuka kimya kimya, mechi baada ya mechi, mpaka nusu fainali ndipo mnyororo unaruka meno. Ilitupata hivyo hivyo, na aliyeifunga alikuwa amesimama kando ya uwanja na rimoti mkononi.

Siku hizi tuna tepu ya rangi ya waridi ambayo haina kazi nyingine. Kila kiraka kinapata kipande chake kidogo, hata kama ni kebo tai moja. Roboti ikirudi bandani, pale tunapoitengenezea, mtu mmoja anapita na kugusa kila penye waridi, kwa kidole, siyo kwa macho. Ubaoni tunaandika kimefungwa na nani na saa ngapi. Tunaandika jina bila lengo la kulaumiana: aliyekifunga ndiye anayejua kilivyokuwa kikikaza mwanzoni, na yeye ndiye anayeweza kusema kama sasa kimelegea. Jioni, viraka vyote vinavyobeba mzigo vinatolewa na kubadilishwa na vipuri halisi kama vipo. Kama havipo, kiraka kinafungwa upya kabisa hata kama kinaonekana kizima.

Wakaguzi msiwafiche. Ukiongeza kipande cha chuma, uzito umeongezeka, na mashindano mengi yana kikomo cha uzito na yanataka roboti ikaguliwe tena baada ya badiliko kubwa. Nendeni wenyewe kabla hamjaitwa. Kila mara tulipofanya hivyo tulisikilizwa, na mara moja mkaguzi ndiye aliyetuonyesha kwamba bolti yetu mpya ilikuwa inakwaruza waya.

Ukikosa kitu, vuka uende banda la jirani ukaombe. Nati zile za kujikaza tulizotumia kwenye mkono zilitoka kwa timu ambayo tungekutana nayo raundi iliyofuata. Walitupa kumi, wakatuuliza kama tuna biti kali ya kutobolea.

Lile bamba lililopasuka tulirudi nalo karakanani, tukaliweka mezani wiki nzima. Yule wa tochi ndiye aliyelipima kwa kalipa. Bolti ilikuwa ya milimita 6, na katikati ya tundu lake hadi ukingoni palikuwa na milimita 7 tu. Yaani kati ya tundu na ukingo kulibaki milimita 4 za alumini kubeba mkono mzima. Mafundi wengi huacha angalau mara mbili ya kipenyo cha tundu, ambayo hapa ni milimita 12. Bamba jipya lina unene uleule na uzito karibu uleule. Alichofanya ni kusogeza tundu ndani milimita 6, akatoboa, akapiga tupa kingo zote, akalifunga.