Ukitaka kupanga nyumba Kobe, anza kwa kuuliza habari za udongo

Kila muhula unapokaribia napokea ujumbe kutoka kwa wadogo zetu wanaokuja kusoma Kobe, Japani. Wamepata ufadhili, wameanza kutafuta nyumba kwenye simu, na nyingi wanazozipenda ziko Port Island, kile kisiwa kinachofikiwa kwa treni isiyo na dereva. Kodi ni nafuu kuliko katikati ya mji, vyumba ni vikubwa, na bahari iko mbele ya baraza. Swali ni lilelile: "Kaka, nichukue?"

Nimewahi kukaa Port Island, na kazi yangu ya kusafirisha magari yaliyotumika kwenda Dar es Salaam na Mombasa hunipeleka mara kwa mara kwenye gati za Rokko Island, kisiwa cha pili cha Kobe. Jibu langu ni hili: chukua, lakini baada ya kuuliza mambo matatu. Ardhi hiyo ilitoka wapi, jengo lilipata kibali mwaka gani, na siku daraja likifungwa utaishije. Ukiwa na majibu hayo, picha za sebule zitakusumbua kidogo sana.

Port Island na Rokko Island hazikuwepo vita vilipokwisha mwaka 1945. Palikuwa bahari tupu. Kobe yenyewe ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya safu ya milima ya Rokko, inayofika mita 931, na Ghuba ya Osaka. Mabomu ya Machi na Juni 1945 yaliteketeza sehemu kubwa ya mji. Kisha biashara ikafufuka haraka, meli zikaongezeka, viwanda vikataka nafasi, na ardhi tambarare haikuwepo. Haraguchi Chujiro, mhandisi aliyekuwa meya tangu 1949 hadi 1969, alishikilia wazo moja: tukate milima iliyo nyuma yetu, tuimwage baharini.

Na ndivyo walivyofanya. Vilima vya Suma, magharibi mwa mji, vilichongwa, udongo ukapita kwenye mkanda wa mashine hadi ufukweni, ukapakiwa kwenye matishari na kumwagwa baharini. Mkanda huo ulianza kazi mwaka 1964 na ukasimama mwaka 2005. Kule juu, mahali palipokatwa, wakajenga mitaa mipya ya makazi. Kwa hiyo mji ulivuna mara mbili kwa kazi moja: viwanja mlimani na viwanja baharini. Mimi huwa nasimama hapo kidogo kila ninapowaeleza wageni, kwa sababu sijaona mji mwingine uliopanga jambo kwa uvumilivu wa namna hiyo.

Port Island ilianza kujazwa mwaka 1966. Fedha zilitafutwa hadi Ulaya: mwaka 1968 Kobe iliuza hati fungani kwa mark za Ujerumani Magharibi, deni ambalo lingelipwa kwa kuuza viwanja na kukodisha gati. Watu wakaanza kuliita jiji "Kampuni ya Kobe". Mwaka 1981 kisiwa kilipokamilika, hekta zaidi ya 400, waliandaa maonyesho ya Portopia yaliyovuta watu takribani milioni 16 kwa miezi sita. Port Liner, ile treni isiyo na dereva, ilizinduliwa Februari mwaka huohuo. Rokko Island ikafuata, kubwa zaidi, ikajazwa tangu 1972 hadi 1992. Kobe ikawa miongoni mwa bandari kubwa za makontena duniani. Hata mwaka 1994 ilikuwa ya sita.

Sasa turudi kwenye nyumba yako. Sehemu kubwa ya udongo wa Port Island ni masado, yaani mabaki ya mwamba wa granaiti uliooza kwa karne nyingi: mchanga mnene, changarawe, na vumbi kidogo. Ukiwa mkavu ni udongo mzuri. Ukiwa umelowa chini ya usawa wa bahari na ukatikiswa kwa nguvu, hupoteza uimara. Waliokulia ufukweni wanalijua hili bila kufundishwa: kanyagakanyaga mchanga mbichi ulio karibu na maji, utaona maji yanapanda na mguu unazama. Ndicho kilichotokea saa 11:46 alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, tetemeko la ukubwa wa 7.3 lilipopiga.

Maji na tope vilifumuka kutoka chini na kufunika barabara za visiwa. Masanduku makubwa ya zege yanayofanya kuta za gati yalisukumwa kuelekea baharini, mengine kwa mita kadhaa, na kreni zikapinda miguu. Ardhi ilishuka. Lakini majengo marefu yenye nguzo zilizochimbiwa hadi kwenye tabaka gumu kwa kawaida yalibaki yamesimama, huku uwanja unaoyazunguka ukizama. Hata leo ukizunguka majengo ya zamani ya Port Island, angalia miguuni. Utaona mlango wenye ngazi za ziada ambazo rangi ya zege yake hailingani na jengo, au njia ya kiti cha magurudumu iliyopachikwa baadaye. Jengo halikupanda. Uwanja ndio ulioshuka.

Nisieleweke vibaya. Watu 6,434 walipoteza maisha katika janga lile, na wengi wao walikufa mitaa ya zamani ya bara, chini ya nyumba za mbao zenye mapaa mazito ya vigae, na wengine kwa moto kama ule ulioteketeza sehemu za wilaya ya Nagata. Visiwani shida ilikuwa ya aina nyingine: kukatika. Daraja liliharibika, mabomba ya maji yakapasuka, lifti zikasimama. Port Liner haikurudi kikamilifu hadi tarehe 31 Julai, na Rokko Liner, treni ya Rokko Island, hadi Agosti. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima aliyeishi ghorofa za juu wakati ule, alinieleza jinsi walivyokuwa wakipandisha ndoo za maji kwa ngazi, na jinsi vijana wa jengo walivyogawana zamu ili wazee wasishuke. Tangu nimsikie sijakaa bila madumu ya maji jikoni, na kila mgeni ninayemsaidia kuhamia namwambia anunue maji kabla ya kununua televisheni.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hawaliulizi. Sehemu ambazo ardhi ilikuwa imeshindiliwa kitaalamu kabla ya kujengwa, kwa nguzo za mchanga au kwa mashine za mtetemo, ziliumia kidogo sana kuliko sehemu zilizojazwa tu na kuachwa. Kisiwa ni kimoja, ila mita mia mbili zinaweza kuwa tofauti kubwa. Ndiyo maana swali la "Port Island ni salama?" halina jibu. Uliza kuhusu jengo na kiwanja chake.

Kisha uliza mwaka. Japani ilianza kutumia kanuni mpya za ujenzi wa kuhimili matetemeko tarehe 1 Juni 1981, na wenyewe huziita shin-taishin. Kinachohesabiwa ni siku ya kibali cha ujenzi, wala si siku watu walipohamia. Jengo lililokamilika mwaka 1982 linaweza kuwa lilipata kibali chini ya kanuni za zamani. Kwa Port Island hili si suala la vitabuni, kwa kuwa majengo yake mengi ya kwanza ya makazi yalipanda miaka hiyohiyo. Dalali akikwambia "la themanini na mbili, jipya", mwombe tarehe ya kibali. Kama ni la zamani, muulize kama limefanyiwa ukaguzi wa uimara na kama liliimarishwa baadaye. Jengo la zamani lililoimarishwa si la kukimbia.

Ukipanga kwa dalali, sheria inamtaka akusomee maelezo muhimu ya nyumba kabla ya kusaini. Tangu Agosti 2020 lazima akuonyeshe nyumba ilipo kwenye ramani ya mafuriko ya jiji, pamoja na maji ya bahari yanayopandishwa na kimbunga. Ramani ya ardhi kuyeyuka, yaani ya mahali ambapo udongo uliolowa hupoteza uimara ukitikiswa, haimo katika wajibu huo. Iombe mwenyewe, au ifungue kwenye tovuti ya jiji ukiwa mbele yake. Rangi zinasomeka hata kama Kijapani chako bado ni cha salamu tu.

Ramani ya maji ichukulie kwa uzito. Tarehe 4 Septemba 2018 kimbunga namba 21 kilipandisha bahari ya Kobe hadi sentimita 233, rekodi ya bandari hii. Kwenye gati za Rokko Island makontena yalielea na magari yakazama. Makazi ya katikati ya kisiwa yako juu zaidi na yamezungukwa na ukanda wa miti ulioinuliwa, kwa hiyo hali yake si sawa na ya gatini. Lakini kama una gari, usiliache kwenye maegesho ya chini karibu na bahari utabiri wa kimbunga ukitolewa. Katika biashara yetu, maji ya chumvi yakishaingia kwenye waya za gari, hilo gari limekwisha.

Kuhusu maisha ya kila siku, visiwa viwili havifanani. Port Island imebadilika sana tangu 1995. Meli nyingi zilizokuwa zikishusha makontena ya nchi jirani hapa zilihamia bandari ya Busan, Korea Kusini, na hazikurudi. Gati za upande wa magharibi zikajazwa vyuo vikuu, na upande wa kusini jiji likaanzisha mji wa tiba, wenye hospitali kuu ya manispaa na maabara za utafiti. Kompyuta kuu za K na Fugaku, zilizowahi kushika nafasi ya kwanza duniani kwa kasi mwaka 2011 na 2020, ziliwekwa huko. Mbele zaidi ni uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 2006, nao ulileta mgogoro: mwaka 1998 zaidi ya wakazi 300,000 walitia saini kudai kura ya maoni, wengi wakiona fedha ziende kwanza kwa waliobomokewa, na baraza la jiji likakataa. Nikiwa mpangaji ninafaidika na uwanja huo, na bado naona wakazi walistahili kuulizwa.

Kwako wewe mwanafunzi, maana yake ni kwamba asubuhi Port Liner hujaa wanafunzi, wauguzi na wafanyakazi wa maabara wanaotoka Sannomiya, katikati ya mji. Wewe utakuwa unaelekea upande wa pili, jambo zuri. Usiku kisiwa hupoa mapema. Maduka ni machache, na upepo wa Januari kwenye njia za juu za waenda kwa miguu si wa mchezo. Nyama halali utaifuata mjini, karibu na Msikiti wa Kobe uliojengwa mwaka 1935 na kupona mabomu na tetemeko pia. Ijumaa panga muda wa treni.

Rokko Island ni tulivu zaidi na ina familia nyingi za kigeni, kwa sababu ya shule za kimataifa. Ukiwa na mke na watoto nitakuelekeza huko. Ukiwa peke yako na chuo chako kiko Sannomiya, nauli ya Rokko Liner ukiongeza ya treni ya bara itakula akiba yako.

Mimi, kwa anayekuja mara ya kwanza, hupendekeza mahali pa tatu: HAT Kobe. Palikuwa pa viwanda vya chuma kando ya bahari, mashariki mwa Sannomiya, na baada ya tetemeko pakajengwa upya kwa ajili ya waliopoteza makazi. Mtaa ulifunguliwa mwaka 1998. Majengo yote ni ya kanuni mpya, huhitaji daraja kufika mjini, na unatembea hadi vituo vya treni. Hapo ndipo kilipo kituo cha JICA Kansai, cha shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, kinachopokea wataalamu wetu wengi wanaokuja kwa mafunzo, kwa hiyo Kiswahili utakisikia njiani. Bado ni pwani, na ramani ya maji bado uiangalie.

HAT Kobe ina nyumba za UR, shirika la umma la makazi. UR hawadai mdhamini, hawachukui fedha ya shukrani ya mwenye nyumba, hakuna ada ya dalali wala ada ya kuongeza mkataba. Unaweka amana ya kodi ya miezi miwili, wanaangalia kipato au akiba yako, basi. Kwa mgeni asiye na Mjapani wa kumtilia saini, huo ni mzigo mkubwa ulioondolewa.

Kabla ya kusaini popote, pita Meriken Park. Wamehifadhi mita 60 za gati lililovunjika mwaka 1995, taa zimeinama vilevile kama siku ile. Kisha tembea hadi HAT Kobe, kwenye jumba la kumbukumbu la tetemeko lililofunguliwa mwaka 2002. Ndani kuna wazee wa kujitolea ambao walikuwepo. Waulize mtaa unaotaka kupanga ulikuwaje asubuhi ile. Nenda na mtu anayejua Kijapani, na mpe nafasi mzee amalize kusimulia kabla ya kuuliza kodi.