Kumngoja Mfalme si kuikimbia Goma

Yaya, ndugu yangu mkubwa, umeuliza kama kuimba "Yesu anarudi" huku vita ikituzunguka si kujidanganya. Hapana. Waliosali kwanza "Maranatha", yaani Bwana wetu njoo, waliishi chini ya utawala wa Roma. Na Yesu mwenyewe, Luka 21, hakuficha vita wala matetemeko. Alisema hayo yakianza, inueni vichwa vyenu. Siye wa Goma, mashariki mwa Kongo, neno hilo tunalielewa: tulikimbia lava ya volkano 2002, tukaikimbia tena Mei 2021, na Januari 2025 tulilala sakafuni tukisikiliza risasi. Yesu, Mfalme huyu tunayemngoja, aliingia Yerusalemu amepanda punda, kama Zekaria 9 ilivyosema (punda, yaya, si gari la vita!), na sura hiyohiyo inaahidi amani kwa mataifa. Hiyo ndiyo bado tunaingoja.

Baada ya mapigano yale, mama jirani yangu aliingia kanisani na bidoni yake ya maji, akaiweka kando ya benchi, akaimba mpaka mwisho. Nusu ya maji akawapelekea wakimbizi. Hadi leo, alfajiri, anaomba "Ufalme wako uje", halafu anashuka ziwani kuchota.