Tumbo Linapokaza kwa Mgonjwa Aliyeungua: Maswali Yenu

Kaka yangu aliungua vibaya mikono, kifua na mgongo. Tumbo moto haukuligusa, lakini sasa limejaa na kukaza. Imekuwaje?

Pole sana. Mtu akiungua sehemu kubwa ya mwili, mishipa midogo ya damu huvuja mwili mzima, hata pale moto haukufika. Ndiyo maana anapewa dripu nyingi saa 24 za kwanza. Bila hizo angepoteza maisha. Lakini maji hayohayo huvujia kwenye utumbo na kujaa tumboni. Presha ya ndani ya tumbo ikipanda, figo hukosa damu ya kutosha, na mapafu husukumwa juu hadi kupumua kunakuwa kazi.

Mimi ni muuguzi. Nikilibonyeza tumbo, si nitajua?

Hapana, dada. Mkono hudanganya, hata wa daktari bingwa. Pima presha ya tumbo kupitia mpira wa mkojo. Mlaze chali kabisa, asiwe amekaza tumbo. Ingiza kwenye kibofu maji ya chumvi yasiyozidi mililita 25, sifuri ya kipimo chako iwe usawa wa katikati ya ubavu, kisha soma anapomaliza kutoa pumzi. Kama huna mashine, pima kwa rula maji yalivyopanda kwenye mrija: sentimita ulizopata gawanya kwa 1.36, utapata milimita za zebaki. Ikidumu kuanzia 12, presha imepanda. Ikidumu juu ya 20 na kiungo kimeanza kushindwa kazi, mwite daktari mara moja. Rudia kila baada ya saa 4 hadi 6.

Mkojo umepungua. Tuongeze dripu?

Swali hili ndilo linaloninyima usingizi. Mkojo unaweza kupungua kwa sababu maji hayatoshi, au kwa sababu tumbo limezibana figo. Ukiongeza dripu bila kupima, huenda unamjaza mtu ambaye tayari amejaa. Kanuni ya Parkland, mililita 4 kwa kilo kwa kila asilimia ya mwili iliyoungua, ni ya kuanzia tu. Baada ya hapo fuata mkojo: mililita 30 hadi 50 kwa saa kwa mtu mzima. Ukiona 100, usifurahi, punguza dripu. Na jumla ya dripu ikikaribia mililita 250 kwa kilo ndani ya saa 24, yaani lita 15 kwa mtu wa kilo 60, usiache kupima tumbo.

Lazima apasuliwe?

Mara nyingi kuna hatua za kuanza nazo: mpira wa puani wa kutoa hewa na uchafu wa tumboni, dawa za maumivu na usingizi, kupunguza dripu, kutoa maji ya tumboni kwa mrija mwembamba. Ngozi iliyoungua na kukakamaa kama gamba huchanwa ili kifua na tumbo vitanuke. Kufungua tumbo lenyewe huja mwisho, maana ni kuongeza kidonda kikubwa kwa mtu aliyekwisha kupoteza ngozi. Hata hivyo, presha ikigoma kushuka huku viungo vikizidi kuzorota, msimzuie daktari wa upasuaji.