Sifa zilizoandikwa kwenye Katiba na zile tunazozitunga vikaoni

Ndugu uliyeuliza kama wakati umefika wa kuwazuia watu wasio na shahada wasigombee udiwani na ubunge, ili "kulinda hadhi ya uongozi", naomba nikujibu kwa niliyoyaona mwenyewe hapa Moshi, kwa kuwa nimewahi kukaa upande wa meza wanakokaa wanaouliza maswali.

Ibara ya 67 ya Katiba ya mwaka 1977 inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na awe amependekezwa na chama cha siasa, pamoja na masharti mengine machache. Shahada haimo. Lakini kwa kuwa hakuna njia ya kugombea isiyopitia chama, mlango wenyewe uko kwenye vikao vya chama, na hapo ndipo vinapoongezwa vigezo ambavyo havijaandikwa popote.

Kuelekea uchaguzi wa 2015 nilikuwa mjumbe wa kikao kilichowasikiliza watia nia wa udiwani katika kata yetu. Mmoja wao alikuwa mama anayeuza mitumba Kiboriloni, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa kwa miaka mingi. Alikuja na kaunta buku lililojaladiwa kwa gazeti, kona zimeshalegea, na ndani yake ameandika kwa kalamu ya bluu nyumba zinazoingiwa na maji kila masika, mtaa kwa mtaa. Kabla hajafika mbali, mjumbe mmoja akamkatiza: "Mama, ukikutana na wafadhili utaongea nao Kiingereza gani?" Ukumbi ukaangua kicheko. Alijibu kwa utulivu kwamba baraza la madiwani huzungumza Kiswahili, na alikuwa sahihi, ila hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena. Akalifunga kaunta buku lake kabla ya kufika kwenye ukurasa wa mfereji ulioziba. Mimi sikucheka, lakini sikusema neno, na kura yangu nikampa mwingine.

Huyo mwingine alikuwa mkandarasi. Hakuulizwa Kiingereza wala mfereji, na hakuna aliyetaka kujua kama kampuni yake ingeendelea kuomba zabuni za halmashauri ileile anayotaka kuisimamia, swali ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kuwa la kwanza. Aliulizwa atachangia nini kwenye ujenzi wa ofisi. Akataja mifuko ya saruji, akapigiwa makofi.

Nchi hii ilishalijadili jambo hilo mahakamani. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilihalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, moja ya sababu ikiwa kwamba inambagua mgombea asiye na fedha. Sisi tukairudisha kwa mlango wa nyuma, tukaiita mchango. Tena inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba Azimio lililotangazwa hapo jirani, Arusha, mwaka 1967, lilimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa wala nyumba za kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa na kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991, na sidai irudi kama ilivyokuwa, ila inaonyesha kwamba "hadhi ya uongozi" iliwahi kupimwa kwa kipimo tofauti kabisa.

Baadaye nilimfuata mama yule kwenye meza yake nikamwomba radhi. Alinipokea vizuri, lakini akasema hatagombea tena.

Kwa hiyo sipingi vigezo, maana diwani asiyeweza kusoma bajeti ni mzigo kwa wananchi. Ninachotaka ni kigezo kinachopima kazi yenyewe na kinachomgusa kila mtu sawasawa. Kila mtia nia apewe kurasa mbili za bajeti ya halmashauri kwa Kiswahili, azisome kwa dakika 20, kisha aeleze fedha zimekwenda wapi na kata yake imepata nini. Na kila mmoja atamke mbele ya kikao biashara anazofanya na halmashauri. Mwenye shahada asiyeweza akae pembeni, na muuza mitumba anayeweza apite. Kuelekea 2020 nililipeleka pendekezo hilo kwa maandishi. Wajumbe walilikubali zoezi la bajeti, wakakataa kuliondoa swali la mchango, nami bado ninalidai liondolewe.