Kapasita mpya imefura tena

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa televisheni mtaani Kayole. Kapasita (kikopo kinachohifadhi chaji ya umeme) ya maikrofaradi 1000, volti 10, ilifura kichwa kwenye pawasaplai (sehemu inayolisha umeme) ya televisheni ya mteja. Pale Luthuli Avenue nikauziwa ya maikrofaradi 1000, volti 25, nikiambiwa kwamba volti zikizidi hakuna hasara. Mita yangu iliisoma sawasawa kabla sijailehemu, lakini baada ya miezi minne imefura vilevile. Nilikosea wapi?

JIBU: Kwenye volti hukukosea, ndugu fundi. Hebu igeuze kapasita hiyo utazame ubavuni: nashuku imeandikwa 85 °C, na ile ya awali 105 °C. Kapasita ya elektroliti iliyokadiriwa kudumu saa 2000 katika nyuzi 105 huongezewa umri takriban maradufu kila joto linaposhuka nyuzi 10, hivyo katika nyuzi 75 hutarajiwa kufikisha saa 16,000, ilhali ya nyuzi 85 yenye saa 2000 hizo hizo itafikisha 4,000 tu.

Hata hivyo, miezi minne ni michache mno kuelezwa na hilo pekee, na hapa ndipo penye sifa isiyoandikwa ubavuni kabisa, yaani ukinzani wa ndani, ambao kwenye jedwali la mtengenezaji huandikwa ESR. Pawasaplai ya televisheni huwasha na kuzima mkondo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na mkondo huo unaoyumba hupita ndani ya kapasita na kuipasha moto. Ukiwa ampea 1, ukinzani wa omu 0.03 huzaa wati 0.03 za joto. Ukinzani wa omu 0.3 huzaa mara kumi ya hizo, ndani ya kikopo kisichozidi ncha ya kidole. Mita yako haikukudanganya: ilipima ujazo wa chaji kwa mwendo wa polepole, wala haikuulizwa habari ya ukinzani.

Dukani, basi, taja ukinzani mdogo na 105 °C, kisha uthibitishe kwa mita ya ESR inayopima kwa kilohezi 100. Volti 16 zinatosha, mradi kipenyo kinaingia kwenye nafasi yake. Na kabla ya kugusa bodi, toa chaji ya kapasita kubwa iliyo upande wa umeme wa ukutani kwa kutumia rezista, kwa sababu umeme wetu wa volti 240 huiachia volti zipatazo 340 hata baada ya plagi kuchomolewa.