Shotigani ya ulinzi nyumbani: ninavyoitunza

Wengi wanaomiliki shotigani ya kulinda familia huiegemeza nyuma ya mlango au huisukumia uvunguni, risasi zikiwa ndani, kwa hoja kwamba jambazi hapigi hodi. Hofu hiyo naielewa. Naishi shambani, Bagamoyo, mbali na majirani, na bunduki ninayo kwa kibali. Lakini nyumba zetu zina watu: watoto, wapwa waliokuja likizo, dada wa kazi, fundi aliyeitwa kutengeneza feni. Na watoto wanaujua uvungu wa kitanda chako kuliko wewe.

Kwangu inakaa kwenye kabati jembamba la chuma, chumbani tunakolala, lililokazwa ukutani kwa bolti kutokea ndani. Kabati ambalo halijakazwa mwizi hulibeba lilivyo akalivunje kwake. Kufuli ni la kubonyeza namba. Ufunguo siupendi, maana lazima ufichwe, na kinachofichwa nyumbani hupatikana. Namba naijua mimi tu kwa kuwa kibali kina jina langu, na vidole vyangu vimezoea kuibonyeza gizani. Hiyo ndiyo maana yangu ya kuwa tayari.

Bunduki yenyewe ni ya pampu, yaani unavuta na kusukuma mkono wa mbele ili kuingiza risasi, na chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, haina kitu, wakati wote. Sefti, yaani kizuizi cha usalama, ya shotigani nyingi za aina hii huzuia triga peke yake. Ikianguka sakafuni na risasi ikiwa kwenye chemba, pini inaweza kuigonga ikafyatuka bila mtu kugusa chochote. Risasi zipo kwenye kisanduku chenye kufuli lake, sehemu ya juu ya kabati hilohilo. Kuziweka na kukoki ni kazi ya muda mfupi sana kwa mtu aliyefanya mazoezi. Zile kufuli ndogo za kubana triga ni nzuri, ila usizifunge kwenye bunduki yenye risasi. Chuma kinachopita mbele ya triga kinaweza kuivuta.

Kama una geji 12 na geji 20 chini ya paa moja (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na ya 20 ni nyembamba kuliko ya 12), risasi zake zisikutane hata mfukoni. Ya geji 20, ambayo kwa kawaida ganda lake ni la njano, huteleza kupita chemba ya geji 12 na kukwama mbele kwenye mtutu. Mtu akiona haijalia, akaingiza ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasukia mkononi.

Huku pwani kuna kutu pia. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au wa kitambaa, unatunza unyevu. Pangusa chuma kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila ulipoishika, kwa sababu jasho la kiganja lina chumvi.

Kuna jambo watu hawapendi kulisema. Nyumbani akiwepo mtu aliyekata tamaa ya kuishi, kufuli halitoshi, hasa kama mtu huyo ni wewe mwenye namba. Bunduki itoke. Mwambie mtu unayemwamini, kisha ipelekeni kituo cha polisi ikiwa tupu, kibali mkononi, mkaombe waitunze mpaka mgonjwa apate nafuu, na kabati libaki tupu muda wote huo.