Kabla Basi Halijateremka La Paz, Maliza Maneno na Mwenzako

Msomaji mmoja wa Moshi ameniandikia kwamba yeye na rafiki yake wa tangu chuoni wamedunduliza fedha za kuzunguka Amerika ya Kusini na mabegi mgongoni, na kwamba wataingia La Paz, nchini Bolivia, kwa basi wakitokea Arica, mji wa pwani ya kaskazini mwa Chile. Aliuliza kuhusu hosteli tu. Hilo halina uzito, mdogo wangu: tafuteni iliyo karibu na kanisa la San Francisco, kwani hapo ni katikati ya mji na usafiri haukosekani. Swali ambalo hukuliuliza ndilo lililonitoa machozi katika mji ule, nalo ni nani atakayeamua mambo saa ile mnapofika, mmoja akiwa mzima na mwingine hajiwezi.

Njia hiyo naijua, kwa kuwa ndiyo niliyoipita na rafiki yangu. Asubuhi unakunywa chai kando ya bahari, na mchana uleule basi linasimama mpakani karibu na Ziwa Chungará, zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, mlima Parinacota ukiwa mbele yako na theluji yake. Wewe wa Moshi utanielewa upesi. Waongozaji wa Kilimanjaro humpandisha mgeni kwa siku kadhaa kabla hajafika kimo hicho, wakimhimiza aende pole pole, ilhali basi linakufikisha kwa nusu siku ukiwa umekaa kitini. La Paz yenyewe ipo kwenye mita 3,600 na ushei, karibu sawa na kambi ya Horombo kule Kilimanjaro, na kabla ya kuteremkia humo unapita El Alto, iliyo juu ya mita 4,000, ambako barabara inafika ukingoni na ghafla unauona mji mzima chini yako, nyumba za matofali mekundu zimepanda mabonde yote hadi juu. Sijapata kuona mji unaojitokeza namna ile.

Lakini kwa wembamba wa hewa ya huko juu, kichwa kilikuwa kimeanza kunigonga tangu mpakani. Tulipofika kituo cha mabasi jioni, nilikuwa nahema kwa kupanda ngazi chache tu, na mwenzangu hakuwa na dalili yoyote, kwa maana mwinuko hauchagui mwenye nguvu wala mwenye mazoezi. Ndani ya basi alikuwa amefahamiana na vijana wawili. Mara tu tulipopata kitanda akaniambia nipumzike, yeye anakwenda nao kula na kusikiliza muziki, akaondoka na kipochi chetu cha pamoja chenye boliviano zote tulizobadilisha njiani. Nilibaki sina hata fedha ya maji ya kunywa. Mama wa mapokezi, ambaye hatukuelewana lugha, ndiye aliyeniletea chai ya koka, ule mmea ambao kokeini hutokana nao, chai ambayo wenyeji huinywa kwa ajili ya hali hiyo. Majani mazima ya kijani yalikuwa yakielea juu ya kikombe, nami nikawa nayasukuma kando kwa midomo ili nipate kunywa, huku yeye amekaa ukingoni mwa kitanda akinisubiri nimalize. Rafiki yangu alirudi alfajiri. Hajaomba radhi mpaka leo, na siwezi kusema kwamba limekwisha moyoni.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila mtu awe na fedha zake mfukoni siku ya kufika, hata kama safari yote mnachangia chungu kimoja. Jioni ya kwanza iwe ya yule aliyezidiwa: akisema analala, wote mnalala. Huko si kumdekeza mtu. Maumivu ya kichwa ni ya kawaida, lakini mtu akikosa pumzi akiwa amekaa, akiyumba anapotembea au akianza kuchanganyikiwa, anahitaji daktari na anahitaji kuteremshwa haraka, na mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi hajitambui mwenyewe. Anayemtambua ni mwenzake, naye hawezi kumtambua akiwa kwenye muziki. Usisafiri na mtu ambaye hujawahi kumwona anavyokuwa mwenzake anapoumwa, na ninarudia tena, kila mtu awe na fedha zake.

Kwa utaratibu huo nimeingia Cusco ya Peru, Quito ya Ecuador na hata Potosí, mji wa Bolivia ulio juu kuliko La Paz, nikiwa na mwenzangu mwingine, na kote nimefika salama na kwa furaha. Nalisema hilo kwa fahari.

Mkishazoea hewa, pandeni Teleférico, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya ambavyo tangu 2014 vinawapeleka watu kazini kati ya La Paz na El Alto, kwa sababu mtauona mji wote bila kupanda hatua moja. Chini yake kuna daladala zenye wapiga debe wanaotaja vituo kwa pumzi moja, nanyi mtajihisi mpo nyumbani. Majani ya koka ni halali Bolivia, ila msiyatie kwenye mabegi mnapoondoka. Barua hii mpe na mwenzako aisome kabla hamjakata tiketi, kisha mniandikie wote wawili mmekubaliana nini.